Tulikuwa wa nne duniani kwa hoki. Mbona mtaani hakuna anayejua?

Makanga wa Kibera huita "Olympic! Olympic!" kutoka asubuhi mpaka usiku, na sidhani kuna abiria hata mmoja anayefikiria Olimpiki yenyewe. Ni stage tu. Unashuka hapo ukienda Ayany ama Gatwekera, unalipa, maisha yanaendelea. Sasa simama hapo uulize vijana kumi hivi: ni mchezo gani wa timu umeipeleka Kenya Olimpiki mara nyingi kuliko yote? Wa kwanza atasema mpira. Hapana, Harambee Stars haijawahi kufika huko hata siku moja. Wa pili atasema raga. Raga wamefika mara 3: Rio, Tokyo na Paris. Mjanja wao atasema voliboli ya akina dada, na hao wamefika mara 4.

Jibu ni hoki. Mpira wa magongo. Timu ya wanaume, mara 7: 1956, 1960, 1964, 1968, 1972, 1984 na 1988.

Najua kuna wenye wameshaanza kusonga mbele kwa simu wakatafute kitu ingine. Kaeni kidogo, bado sijafika pale panauma.

Oktoba 1971, Barcelona, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki. Timu 10. Kenya ikamaliza ya pili kwa kundi lake nyuma ya India, na ikaiacha Ujerumani Magharibi, hao hao waliobeba dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata. Nusu fainali tukapigwa na wenyeji, Uhispania, bao 1-0. Mechi ya kutafuta nafasi ya tatu tukafungwa na India 2-1, tena kwa muda wa ziada. Pakistan wa kwanza, Uhispania wa pili, India wa tatu, Kenya wa nne. Uholanzi walikuwa nyuma yetu. Australia walikuwa nyuma yetu. Manze, hawa Waholanzi na Waaustralia ndio leo wanatawala hoki duniani.

Fikiria Harambee Stars wakiingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Si hii nchi ingesimama wiki nzima? Si kila ukuta wa Laini Saba ungekuwa na uso wa kapteni? Lakini jina la kapteni wa enzi hiyo ya hoki, Avtar Singh Sohal, taja popote kati ya Toi na Kawangware 46 uone kama kuna mtu atageuka. Huyu ni beki aliyecheza Olimpiki 4, kuanzia 1960 mpaka 1972, tatu kati ya hizo akiwa kapteni, na Guinness wakamwandika kwa mechi 167 za kimataifa. Mkenya. Wa Nairobi.

Hiyo ndiyo swali yangu leo. Si "hoki ilikufa vipi", hiyo wazee wa hoki wameshaiongea mpaka imechakaa. Yangu ni hii: iliwezekanaje mchezo ukawa mkubwa hivyo ndani ya hili jiji, na sisi tunaoishi hapa hapa tusiusikie hata kwa uvumi?

Anza na majina. Timu ya Tokyo 1964 ina Singh wa kutosha, halafu ina Hilary Fernandes, Silvester Fernandes, Edgar Fernandes, Alu Mendonca. Makalasinga na Wagoa. Hao wa kwanza babu zao walitoka Punjab, wengi wakiwa mafundi wa reli: maseremala, wahunzi, watu wa karakana. Wagoa walitoka Goa, koloni la Ureno pale India, ndiyo maana wana majina ya Kireno, na wengi walikuwa makarani wa reli na wa serikali. Reli ilifika Nairobi 1899. Ni ile ile reli inayopita katikati ya Kibera, ile unaruka ukienda Lindi. Kwa hivyo ukitaka kujua hoki iliingia vipi, iko hapo chini ya miguu yako. Ilikuja na watu wa reli.

Lakini haikushuka Kibera. Kwanza kulikuwa na nani Kibera? Wanubi, askari wa zamani wa jeshi la mkoloni na familia zao, waliowekwa kwa msitu huo kama shukrani, bila hati. Kawangware ilikuwa mashamba, ukingoni mwa eneo la Wakikuyu. Jiji lenyewe lilikatwa kama keki: Wazungu upande wa juu wenye miti, Wahindi Parklands, Ngara na Pangani, Waafrika Eastlands, tena wakiwa na kipande shingoni kama mbuzi wa mnada. Mwafrika alihesabiwa kama mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Mtu wa kurudi kwao unamjengea uwanja wa nini?

Sasa hapa ndipo neno "klabu" linaingia, na naomba mlishike vizuri kwa sababu stori yote iko ndani yake. Mimi na wewe tukisikia klabu tunafikiria Gor ama Ingwe: mtu yeyote anaweza kuvaa jezi, kupiga kelele, kulia. Klabu ya hoki Nairobi ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa nyumba. Ina geti, ina baa, ina ukumbi wa harusi, ina uwanja, na ina orodha ya wanachama. Makalasinga walikuwa na Sikh Union. Wagoa walikuwa na Goan Institute na Goan Gymkhana. Wazungu walikuwa na zao, mfano Parklands. Na usidhani ni rangi peke yake. Wagoa wenyewe walijigawa: mafundi wa cherehani walikuwa na chama chao kando, kwa sababu makarani hawakutaka kukaa meza moja na fundi nguo. Kama Mgoa mwenzao hakuingia kwa geti, mtoto wa dhobi kutoka Kibera angeingilia wapi?

Na ndani ya hayo mageti, wasee, watu walicheza. Siwezi kuwanyima hilo. Mtoto alizaliwa kwa jamii moja, akasoma shule ya jamii hiyo, akamaliza akaingia klabu ya jamii hiyo, na kila Jumapili klabu hii inagongana na klabu ile na heshima ya watu wote iko kwa uwanja. Kuna shule pale Parklands iliitwa Dr Ribeiro Goan School, ilitoa wachezaji kadhaa wa Olimpiki. (Huyo Dakta Ribeiro ndiye yule daktari Mgoa aliyekuwa anazunguka Nairobi amepanda punda milia kwenda kuona wagonjwa, na ndiye aliyegundua tauni Nairobi mwaka 1902. Siku moja nitamfanyia video yake.) Wazia derbi ya kwetu, halafu mashabiki wote ni ndugu za wachezaji. Joto hilo ndilo lilipika timu ya taifa.

Ndiyo maana 1964 ni mwaka ninaoupenda na unaniuma. Uhuru ulikuja Desemba 1963. Oktoba 1964 tuko Tokyo, bendera mpya, Wilson Kiprugut anatuletea medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Kila mtu anamjua Kiprugut, na anastahili. Timu ya hoki kwenye michezo hiyo hiyo ikamaliza ya 6 duniani. Hiyo haikuingia kwa stori ambayo taifa lilijiambia. Mbio zilikuwa zetu. Hoki ilikuwa ya "wale".

Kisha wale wakaanza kuondoka. Mwaka 1967 serikali ilipitisha sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, na mtu asiye raia akaanza kubanwa: kibali cha kazi hapa, leseni pale. Wahindi wengi walikuwa wameshikilia pasipoti za Uingereza. Uingereza nayo ilipoona ndege zinajaa, ikapitisha sheria yake ya kufunga mlango mapema 1968, haraka haraka, ndani ya siku chache. Katikati ya hizo sheria mbili watu walikimbia na masanduku. Waliobaki wengi waliendelea kuondoka polepole miaka iliyofuata, Uingereza, Kanada, Australia.

Sisemi Kenya ilifanya kama Amin. Uganda ndiyo ilienda mbali: Agosti 1972 Amin anawapa Wahindi siku 90, na mwezi huo huo timu ya hoki ya Uganda, yenye Wahindi ndani, inacheza Olimpiki ya Munich. Fikiria kuvaa bendera ya nchi ambayo imekuambia ukirudi utafute mizigo yako. Hiyo ndiyo Olimpiki pekee ambayo hoki ya Uganda imewahi kufika.

Na pia sisemi Mwafrika alikosea kutaka nafasi kwa nchi yake. Babu zetu walikuwa wamezuiwa kwa duka, kwa ofisi, kwa kiwanja, kila mahali. Lakini angalia kilichotokea kwa hoki. Kama ingekuwa inachezwa kwa kiwanja cha wazi, watu wakiondoka kiwanja kinabaki na watoto wengine wako tayari wanacheza. Hii ilikuwa ndani ya geti. Mwenye nyumba akihama anahama na vyombo vyake. Mwaka 1971 tuko wa 4 duniani. 1973, Kombe la Dunia la Amstelveen, tuko wa 12 kati ya timu 12. Miaka miwili tu. Na hatujawahi kurudi Kombe la Dunia la wanaume tena.

Baada ya hapo tukapigwa na kitu kingine, na hii sehemu watu huiruka. Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal, hoki ilichezwa kwa nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ni nyasi za kawaida, mpira unaruka ruka, na mwenye mkono laini na jicho ndiye mfalme. Ile chenga ya Kipunjabi ya kuviringisha mpira kushoto kulia ilizaliwa hapo. Kwa zulia mpira unateleza moja kwa moja kama umepakwa mafuta. Sasa anayetamba ni mwenye mbio, mwenye nguvu, mwenye mazoezi ya kipimo, na mwenye zulia lake la kufanyia mazoezi. India, waliozoea dhahabu, mwaka huo walirudi nyumbani bila medali yoyote, nafasi ya 7, mara ya kwanza katika historia yao. Kama India waliteleza, sisi je?

Sisi hatukuwepo. Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Nakubaliana na uamuzi huo mpaka leo. Miaka minne baadaye tukasusia Moscow, hiyo tukifuata Marekani, na hiyo sikubaliani nayo, lakini hayo ni ya siku ingine. Jumla yake: kutoka 1972 mpaka 1984 hatukukanyaga Olimpiki, na hiyo ndiyo miaka mchezo wenyewe ulibadilishwa chini ya miguu ya kila mtu. Tanzania walienda Moscow, India ikawafunga 18-0. Msicheke. Angalau walikuwepo.

Tuliporudi Los Angeles 1984 tukawa wa 9, na timu ilikuwa imebadilika sura: kina Lucas Alubaha na Michael Omondi wako ndani pamoja na kina Singh. Hiyo kwangu ndiyo picha nzuri zaidi ya hii historia yote, na haina bango popote. Mwaka 1987 Nairobi ikaandaa Michezo ya Afrika, Kenya ikatwaa dhahabu ya hoki ya wanaume, tukapata tiketi ya Seoul 1988. Tukamaliza wa 12. Tangu siku hiyo, wanaume hawajarudi Olimpiki.

Na mwaka huo huo wa 1988 ndipo kulianzishwa Kombe la Klabu Bingwa Afrika la hoki. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze kuandika. Mashindano ya timu za taifa yanakuonyesha nchi imekusanya nani. Mashindano ya klabu yanakuonyesha mchezo unaishi wapi. Sasa shika daftari la mabingwa wa wanaume wa hilo kombe uone: jina moja linajirudia mpaka unachoka. Sharkia. Sharkia. Sharkia. Zaidi ya mara 20.

Nilidhani ni klabu ya Cairo, ya matajiri. Zii. Sharkia ni jina la mkoa kwenye delta ya Nile, na klabu iko mji unaitwa Zagazig, karibu kilomita 80 kutoka Cairo. Misri ina klabu kubwa za mpira ambazo bara lote linazijua, Al Ahly na Zamalek, lakini kwa hoki mfalme ni klabu ya mkoani. Mtu wa Zagazig akisema "timu yetu" anamaanisha timu ya kwao. Ina mahali. Ina anwani.

Sasa angalia wanaume wetu wa ligi kuu miaka hii. Kenya Police: serikali. Butali: kiwanda cha sukari Kakamega. Strathmore: chuo. Simba: ni ile ile Sikh Union, na heshima kwao, hawakuacha. Timu nzuri, wachezaji wazuri, sina neno na wao. Lakini ni ngapi kati ya hizo ambazo kijana wa Gatina anaweza kusema "hiyo ni yetu"? Ili ucheze huku lazima kwanza uajiriwe, ama ulipe karo, ama uzaliwe ndani. Geti bado lipo, walibadilisha tu askari. Na klabu yenye jina la mtaa ambayo naijua, Parkroad Badgers, imebeba jina la mtaa wa Ngara, hapo hapo jirani na klabu za zamani na karibu na City Park, nyumba ya hoki ya Kenya. Hiyo si bahati. Mtoto hucheza kile anachokiona kupitia ua.

Mimi hii naijua kwa mwili. Gongo nilishika mara ya kwanza nikiwa chuo, chuo gani haijalishi. Nilienda tu kwa sababu rafiki yangu alisema wanapeana soda baada ya mazoezi. Mimi ni mashoto, na hoki haina gongo la mashoto. Upande bapa ni mmoja tu, na mpira lazima uguswe na huo upande. Kwa hivyo miezi mitatu nilikuwa kama mtu anayeandika barua kwa mguu. Kisha siku moja mkono ukakubali. Sijui niwaeleze vipi. Ule mlio wa mpira ukigonga gongo katikati kabisa, tok, unasikia mpaka kwa meno. Nikaanza kuingia mechi za timu ya pili. Mwaka wa pili karo ikakata, nikatoka. Na kwa sababu timu ni ya chuo, siku niliyotoka chuo ndiyo siku niliyotoka hoki. Hakuna aliyenifukuza. Ni vile tu hakuna mahali pengine pa kwenda na hilo gongo. Mpira wa miguu ungekuwa tofauti, ningerudi Kibera nikapata timu kumi kabla jua lizame, nikaanzia kiwanja cha DC na nikajiona niko njiani kwenda Kibera Black Stars.

Mwenzangu mmoja wa Kawangware aliniambia, "Buda, hoki ni ya watu wa bweni." Hakukosea sana. Leo wachezaji wengi wa Kenya hutoka shule za bweni za Magharibi na Bonde la Ufa: Musingu, Kamusinga, St Anthony's Kitale. Huko kuna kiwanja, kuna mwalimu, kuna muda jioni. Hiyo kwa kweli ni habari njema ya hii stori: geti la rangi lilivunjwa na walimu wa shule, si na sera yoyote. Lakini sisi watoto wa jiji tulibaki nje. Shule nyingi za mtaani kwetu ni mabati na ukumbi mmoja; wakati wa michezo mnasimama kwa kipito mnaruka kamba. Upper Hill, inayojulikana kwa hoki, iko dakika chache tu kutoka Kibera, na kwa mtoto wa Soweto ama Silanga ni kama iko Eldoret.

Kina dada walitoboa, lazima niseme. Timu iliyokuwa ya Telkom, sasa inaitwa Blazers, imebeba hilo kombe la klabu Afrika upande wa wanawake mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote. Walifanyaje? Wasichana walitolewa shule hizo hizo za Magharibi, kampuni ikasimama nyuma yao miaka mingi. Hapo inaonekana wazi kwamba shida haikuwa damu wala "Waafrika hawawezi hoki", ule upuuzi ambao bado unausikia kwa komenti. Na pia inaonekana hatari yake: kampuni ilipoachilia, mabingwa wa Afrika walibaki kutafuta jina jipya na mfadhili mpya. Karibu kila mwaka kombe likikaribia, habari za klabu zetu za kiume ni nauli: nani amepata, nani ameshindwa, nani anachangisha. Hao Sharkia sijawahi kuwasikia wakipitisha kofia.

Sasa njoo mpaka leo. Panda mat ya Ngong Road, pita Prestige, angalia kulia ukifika upande wa Jamhuri. Hilo lichuma unaloona ni Talanta, uwanja wa watu 60,000 unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027. Kibera iko upande huu wa barabara, Kawangware iko upande ule, na katikati yetu kuna uwanja mkubwa kuliko kitu chochote tumewahi kuishi nacho. Kila mtu amefurahi, hata mimi. Vijana wa kwetu wamepata vibarua hapo, na siku ya mechi tutauza maji na skafu.

Lakini Ngong Road imejaa viwanja tangu zamani. Impala iko hapo. Uwanja wa raga uko hapo. Jamhuri ya maonyesho iko hapo. Nimepita karibu navyo maisha yangu yote nikiona kijani kupitia ua. Kwa hivyo nikiambiwa Talanta ni ya vijana, mimi nauliza maswali ya kishamba. Jumanne saa kumi jioni, kama hakuna mechi, geti liko wazi? Kuna kona hata ndogo ya zulia ambayo mtoto wa Kabiro anaweza kuingia na raba zake zilizotoboka? Gongo moja la maana ni maelfu ya shilingi. Kuna mtu atayaweka kumi pale kwa boksi, ya kuazima?

Ujue hoki haihitaji 60,000. Haihitaji hata jukwaa. Inahitaji zulia moja, taa, na mtu mwenye funguo asiyekuwa na roho mbaya. City Park ina zulia, na kwa miaka mingi watu wa hoki wamelia vile limechakaa. Kutoka Kawangware ni mat mbili kwenda, mbili kurudi. Hesabu hiyo nauli mara tatu kwa wiki halafu uniambie ni mzazi gani wa Kawangware ataitoa kwa mchezo ambao hajawahi kuuona.

Wiki iliyopita nilipeleka gongo langu moja pale kiwanja cha DC, na mpira wa tenisi kwa sababu mpira wa hoki ungevunja mtu mguu kwa ule mchanga na mawe. Watoto walikuja kama nzi kwa muwa. Kuna mmoja, wa miaka tisa hivi, alikataa kuachilia gongo mpaka dadake akaja kumchukua. Ni mashoto. Nilimwonyesha vile mkono wa kushoto unakaa juu na wa kulia unashuka chini, akasema hiyo ni rahisi, akapiga, akakosa, akapiga tena. Jumamosi hii narudi saa tisa. Kama una gongo limelala chini ya kitanda tangu shule, hata kama limepasuka, nipigie ama uniletee. Gundi ninayo.